Mapazia yapendeze, lakini mtoto apumue

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka 4 mwenye pumu. Dawa alikuwa akipewa ipasavyo, na mchana mtoto alicheza kama wenzake. Shida ilikuwa usiku: kikohozi, kifua kubana na pumzi yenye mlio kama filimbi. Nilimuuliza kuhusu godoro, jiko la mkaa, paka na moshi wa sigara. Mwisho nikamuuliza kuhusu dirisha la chumba anacholala mtoto.

"Lina mapazia mazuri, daktari," alisema. "Mazito, yana bitana, na shia kwa ndani."

"Yalifuliwa lini?"

Akacheka kidogo kwa aibu. Hayajafuliwa tangu wahamie, mwaka uliopita. Na dirisha halifunguliwi, maana upepo unaharibu marinda.

Sisemi mapazia ndiyo yaliyomletea mtoto yule pumu. Ugonjwa huo una sababu nyingi, ukiwamo urithi. Ila naona nyumba nyingi siku hizi dirisha linapambwa mpaka linaacha kuwa dirisha. Kitambaa kinashuka kutoka darini hadi sakafuni, tabaka juu ya tabaka, na nyuma yake vioo vimefungwa mwezi mzima. Mgeni anasifia, wenye nyumba wanakohoa.

Kitambaa kizito chenye mikunjo mingi hukusanya vumbi. Katika vumbi la nyumbani huishi wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao hula chembe za ngozi zinazotudondoka na hustawi penye joto na unyevu, kama ilivyo kwetu pwani. Makao yao makubwa ni godoro na mito, lakini pazia lisilofuliwa nalo huwahifadhi. Kinyesi chao ndicho kinachoamsha mzio na pumu. Kila unapovuta pazia, vumbi hilo hurudi hewani, na aliye karibu nalo ni mtoto kitandani.

Lipo jingine kubwa zaidi, nalo ni kifua kikuu. Mgonjwa anapokohoa, vimelea hutoka na kuelea hewani kwa saa kadhaa ndani ya chumba kilichofungwa. Nimeona familia zikimtengea bibi kikombe na sahani yake, huku wajukuu wakilala naye chumba kimoja, dirisha limefungwa na pazia limeshushwa. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa vyombo wala kwa kupeana mikono. Kinaambukizwa kwa hewa. Hewa inayoingia na kutoka hupunguza vimelea, na miale ya jua huviua. Kioo huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, kwa hiyo kuvuta pazia pekee hakutoshi. Fungua na dirisha lenyewe.

Wazazi hunijibu kwamba wanafunga kwa sababu ya mbu. Kazi ya kuzuia mbu ni ya wavu wa dirishani na chandarua. Pazia haliwazuii. Badala yake, mbu hupenda kutulia mchana mahali penye giza, na nyuma ya pazia zito ni mahali pazuri kwao.

Wengine wanahofia majirani kuchungulia. Hofu hiyo naielewa, hasa kwenye nyumba zetu za kupanga zilizobanana. Kwa hao, pazia jepesi la nusu dirisha, lile la zamani lililopitishwa kwenye uzi au waya, linatosha: linasitiri chini, hewa inapita juu. Na kama nje kuna barabara ya vumbi au jirani anawasha jiko la mkaa, fungua saa ambazo vumbi na moshi vimetulia.

Ushauri wangu kwa chumba cha mtoto au mgonjwa ni huu. Chagua kitambaa chepesi cha pamba kinachofulika, tabaka moja tu, kisichoburuza sakafuni. Kifue angalau mara moja kwa mwezi. Maji ya nyuzi 60 huwaua wadudu wale. Kama huna maji ya moto kiasi hicho, kufua kwa kawaida na kuanika juani bado kunasaidia. Unapokivua, kikung'utie nje, mtoto akiwa mbali. Kamba na vishada visining'inie karibu na kitanda cha mtoto mdogo, kwani vinaweza kumnyonga. Mshumaa na kibatari vikae mbali kabisa na kitambaa.

Haya yote hayachukui nafasi ya dawa. Mwenye pumu aendelee na dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa. Mtoto akishindwa kunyonya au kuongea kwa kukosa pumzi, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, au midomo ikibadilika rangi, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Na anayekohoa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu. Matibabu yake katika vituo vya umma ni bure.

Mama yule aliniuliza kama ayatupe mapazia yake. Nilimwambia hapana, ayafue na kuyahamishia sebuleni. Wageni wataendelea kuyaona. Chumbani kwa mtoto atundike hata khanga, mradi kila asubuhi aifunue na dirisha lifunguliwe.