Mchele Uliooza na Sahani ya Maibobo

Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa kukosa makao ni nini. Ni nadra hapa kukutana na ukoo ambao haujawahi kulala chini ya bashi, darasani au kwenye baraza la kanisa. Julai 1994 karibu watu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kati yao juu ya mawe ya volkano ambayo hata kaburi halichimbiki. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikamwaga moto hadi katikati ya mji, watu wapatao 120,000 wakabaki bila nyumba, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea pamoja na nyumba za waumini wake. Tarehe 22 Mei 2021 moto ukashuka tena, ukakomea Buhene, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa ihame: wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka kwenda Gisenyi. Vita navyo havikungoja volkano ipumzike.

Kwa hiyo tunaposikia kwamba kanisa fulani mjini hapa linahudumia wasio na makao, tukumbuke kwamba anayegawa uji na anayeupokea hawatofautiani sana. Huyu mwenye mwiko aliwahi kukimbia, au atakimbia mwakani. Sijui mji mwingine ambako mstari kati ya mwenyeji na mkimbizi umefutwa na kuchorwa upya mara nyingi kiasi hiki.

Toleo hili lina hoja moja, na nitaisema mapema ili asiyeipenda aanze kubishana nayo: huduma ya kanisa kwa mtu asiye na makao ipimwe nje ya geti la kanisa. Ipimwe sokoni, mpakani, kwenye foleni ya maji ya kartie, kwenye mkataba wa nyumba ya kupanga. Chakula kinachogawiwa ndani ya ua ni kizuri, na kina gharama yake, lakini ndicho rahisi zaidi kati ya yote tunayodaiwa.

Shahidi wangu wa kwanza ni mtoto wa mji huu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasomea sheria hapa hapa, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, ile iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na Andrea Riccardi na wanafunzi wenzake. Huku kwetu alijitolea katika Shule ya Amani, akikaa na maibobo: watoto wanaolala Birere na pembezoni mwa masoko, wanaobeba mizigo ya watu kwa noti moja, wanaofukuzwa na kila mwenye duka kabla hata hawajaomba kitu. Aliwafundisha, akahangaika wapate nafasi shuleni. Ndiyo picha yake tunayoipenda, kijana mwenye shati safi aliyezungukwa na watoto, na ingetosha kabisa kwa kalenda ya parokia.

Ila watoto wale siyo waliomgharimu uhai. Mwaka 2007 alikuwa mtumishi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, na zamu yake ilikuwa kuchunguza vyakula vilivyoharibika vinavyopita mpakani. Ukaja mchele uliooza. Akaahidiwa pesa aupitishe, akakataa. Akasukumwa na wenye nguvu, akakataa tena. Mwanzoni mwa Julai 2007 alitekwa, na baada ya siku chache maiti yake ikapatikana. Alikuwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko alipozungumza na vijana kwenye Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, aliwatajia kijana huyu. Tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenye heri kwenye Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, wakati mji wake ulikuwa umeshikwa na waasi wa M23 tangu mwishoni mwa Januari.

Fikirini mchele ule ulikuwa unakwenda wapi. Usingefika kwenye meza za wenye nacho wa Himbi. Mchele wa namna hiyo huuzwa bei ya chini, hununuliwa na mama anayepika kando ya barabara kwa mtaji mdogo, na sahani yake huishia mikononi mwa wabeba mizigo, wasukuma chukudu na maibobo wa Birere. Wale aliowafundisha ndio wangekuwa wa kwanza kuugua. Kwa hiyo Floribert wa Shule ya Amani na Floribert wa ghala la mpakani walikuwa kwenye kazi ileile, na pale ghalani ndipo alipowahudumia maibobo wengi zaidi, wakiwemo ambao hakuwahi kuwaona. Parokia zetu zimezoea kutenganisha mambo haya. Tuna kamati ya maskini, yenye daftari la michango ya sabuni na maharagwe. Tuna pia waumini wanaokaa kwenye ofisi za ardhi, za kodi na za ukaguzi, na hao hatuwaulizi chochote isipokuwa zaka. Nahofia tutamtundika Mwenye Heri Floribert ukutani na kumwacha huko.

Nisieleweke kwamba nadharau ua wa kanisa. Wasalesiani wa Don Bosco pale Ngangi wamewalea watoto wa barabarani na vijana waliotoka kwenye makundi ya silaha, wakawapa useremala, ushonaji na uashi, na hilo mtu analiona kwa macho. Novemba 2012, M23 ilipoingia Goma mara ya kwanza, maelfu ya watu walikimbilia Ngangi. Miaka kumi na kitu baadaye vibanda vya bashi vikajaa tena pale pale ambapo vijana walikuwa wakicheza mpira. Waprotestanti wamebeba sehemu yao vilevile: hospitali ya CBCA Ndosho ndiyo iliyopokea majeruhi wa risasi na mabomu hadi vitanda vikaisha, Januari 2025.

Lakini muulize jirani wa ukuta. Alikuwa akiteka maji kwenye bomba lenye foleni ya bidon kumi, sasa anakuta mia. Choo kwenye mawe ya volkano ni kazi ya nyundo na wiki kadhaa, na watu wakiongezeka uchafu hauna pa kwenda, kipindupindu kikija hakibagui aliyeandikishwa na asiyeandikishwa. Makaa yanapanda bei. Kisha inafika lori la msaada, na yeye mwenye mabati yanayovuja anaambiwa jina lake halimo. Wengi huita manung'uniko yake wivu. Mimi naona ana haki, na huduma isiyomsikiliza inapanda chuki kwenye kartie ileile inayotaka kuiponya. Tena mara nyingi jirani huyo mwenyewe ndiye mhudumu mkubwa kuliko wote. Kule Majengo au Katoyi, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili, mama analaza familia yake na familia nyingine mbili zilizotoka Masisi. Hana kibao getini wala ripoti kwa mfadhili, na sufuria yake ya sombe inagawanywa mara tatu. Kanisa linalotafuta pa kuweka nguvu zake lianze na sufuria hiyo.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu Februari 2025. Kabla ya hapo mamia ya maelfu ya watu walikuwa kwenye kambi zilizouzunguka mji: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Waliambiwa waondoke ndani ya siku chache, na bashi zikang'olewa. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru kwenye mashamba wasiyojua yako mikononi mwa nani. Wengine hawakuwa na pa kurudi, wakaingia kwenye kartie. Kambi zilifutwa, wasio na makao hawakufutika: wamekuwa wapangaji, au wanatafuta kuwa wapangaji, katika mji ambao benki zake zilifungwa na noti iliyochanika kidogo inakataliwa sokoni.

Hapo ndipo wanapokutana nasi. Sheria ya nchi ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garantii ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Kila mtu Goma anajua mwenye nyumba huomba kiasi gani, tena kwa dola. Mjane aliyetoka Bulengo na watoto wanne hawezi kuipata garantii ya miezi sita, hivyo analipa usiku kwa usiku mahali pabaya zaidi, au watoto wanaanza kulala sokoni. Maibobo wengine huanzia hapo. Na wenye nyumba ni nani? Wengi ni sisi, mashemasi, wazee wa kanisa, viongozi wa mashirika ya Wakristo. Kuna parokia zenyewe zinazopangisha viwanja na vibanda kando ya ukuta wao, na mkataba wake hausomwi mbele ya waumini kama inavyosomwa sadaka.

Najua jibu litakalokuja: nyakati hizi anayesema sana hujitafutia kifo, na huyo Floribert ndiye mfano. Ni kweli, na sitamdai msomaji yeyote ushujaa ambao mimi mwenyewe sijaombwa. Lakini kati ya ushahidi wa damu na kukaa kimya kuna mambo mengi ambayo hakuna mtu mwenye bunduki anayejishughulisha nayo. Kuandika mkataba wenye garantii ya miezi 3 ni mojawapo. Kumruhusu jirani ateke maji kwenye tangi la kanisa kwa saa zilezile za wakimbizi ni jingine. Kuwaita waumini wa ofisi ya ardhi na kuwauliza, mbele ya padri au mchungaji, kiwanja kilekile kiliuzwaje mara mbili, hapo tunaanza kusogea karibu na hatari, nakubali.

Ndiyo sababu makala ya kwanza katika toleo hili haianzi altareni. Inaanza na karatasi ya upangaji wa nyumba ya mbao Ndosho, na inauliza kila mstari wake uliandikwa kwa faida ya nani.