Bustani za Umma Zipewe Kanuni za Kukaribisha



Bustani za umma nchini Kenya ziko mikononi mwa serikali za kaunti; Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja waziwazi pamoja na fuo na viwanja vya burudani. Bunge la kaunti basi lina uwezo wa kurekebisha kanuni za bustani hizo. Kasoro huanzia kwenye ubao wa langoni: usikanyage nyasi, usilale, usiuze. Saa za kufunga hazionyeshwi, wala choo kilipo, wala pa kupeleka malalamiko. Mama aliyebeba mtoto mgongoni, akisubiri matatu ya kurudi Muthara, hapa Meru, huona afadhali aketi kando ya barabara juani.

Kanuni mpya ziruhusu kuketi nyasini, ziwatengee wachuuzi wa chai na matunda mahali pao, na zidai njia za viti vya magurudumu, kwani Kifungu cha 54 cha Katiba kinawahakikishia watu wenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa kiwango cha kuridhisha.

Sauti ya mwananchi ina uzito: mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jumba la orofa 60 lisijengwe Uhuru Park, Nairobi, na bustani ikabaki ya wananchi. Kwa hiyo Bunge la Kaunti ya Meru liwaite wakazi, wa Muthara wakiwemo, watoe maoni kabla kanuni hazijaandikwa.

Msomaji,
Muthara, Meru