Wimbo Ulioachwa Mutshatsha

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilikuwa Mutshatsha kwa mjomba wangu, tukakaa katika nganda moja karibu na reli. Vijana wanne walikuja na magitaa mawili, besi na batri iliyofungwafungwa kwa waya, wakapiga rock. Najua wapo watakaokunja uso: rock, huku kwetu? Lakini ng'ambo ya mpaka, Kitwe, penye shaba kama yetu, kundi la WITCH lilipiga magitaa ya namna hiyo tangu miaka ya 1970. Kwa watu wa migodi muziki huu si mgeni.

Kilichonishughulisha mimi ni lugha. Kati ya wimbo na wimbo mwimbaji alizungumza kama tunavyozungumza sote: "batu", "batoto", "njo vile". Mizaha yake iliwachekesha hata wazee. Magitaa yakianza tu, anageuka Mfaransa. Nyimbo sita kwa Kifaransa, mbili kwa Kiingereza ambacho, nisamehewe, nadhani hata yeye hakukielewa. Watu walipiga makofi ya adabu na kurudi kwenye chupa zao.

Kisha grupe ikazimika. Mafuta yalipokuwa yanatafutwa, yule kijana akaimba gizani, bila mikro, wimbo wa mama anayengoja treni ya Dilolo. Kwa Kiswahili chetu. Nganda ikanyamaza. Kiitikio kiliporudi mara ya pili, tulikuwa tunaimba naye. Umeme uliporejea tulimwomba aurudie, akakataa.

Baadaye nilimwuliza sababu. "Ile haiko Kiswahili ya muzuri, yaya. Ku masomo balikuwa banatukataza." Zile nyimbo nane amezirekodi. Ule hana nia ya kuurekodi.

Nani aliyemkataza, kama si watu waliotoka katika madarasa kama yetu? Sisi ndio tunaokwenda kufundisha, na tunakwenda na kalamu nyekundu. "Ba-" inakatwa, "wa-" inaandikwa juu yake. "Paka" kwa maana ya "tu" inapigwa msalaba, mwanafunzi anaambiwa huyo ni mnyama. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo nilipofundisha kwa majaribio, tena kwa furaha.

Sisemi tuache Kiswahili sanifu. Bila hicho nisingesoma riwaya za Zanzibar wala kuandika ukurasa huu (ingawa rasimu ya kwanza ilijaa "ba-", niliifuta kwa aibu ambayo sasa inanikera). Nasema tu kwamba kufundisha lugha moja hakuhitaji kuifanya nyingine kuwa kosa.

Maana lugha hii ina kazi zake. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya, katika mkoa wetu huu wa Lualaba, aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, na "Masanga" yake bado inapigwa na wanaojifunza gitaa mbali na hapa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu, kwa Kiswahili kilekile cha mtaani. Ilitolewa upya mwaka 1990 na Johannes Fabian, mtu wa mbali, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni wangapi kati yetu tumeisoma? Mimi nimesikia habari zake mwaka huu.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Katika somo la lahaja, kila mwanafunzi aandike kwa maneno kamili wimbo mmoja uliosikika nganda, kanisani au machimboni, kama ulivyoimbwa, bila kusahihisha. Nami ninao wa kuanzia. Kijana amenipa ruhusa, ila jina lake lisitajwe. Nilikuwa nimewasha simu gizani; unasikika chupa ikianguka, mtu akilaani grupe, halafu sauti yake. Ubeti wa tatu kuna neno ambalo sijui niliandike vipi. Nitaleta darasani.