Ya kuogelea hupimwa kila asubuhi, ya kunywa je?

UKIFIKA mapema katika hoteli yenye kidimbwi cha kuogelea, iwe mjini Isiolo au kule kwenye mbuga za Buffalo Springs na Samburu, huenda ukamkuta kijana ameinama ukingoni na vichupa mkononi. Anachota maji kidogo, anatia dawa, anatikisa, kisha analinganisha rangi na ile iliyo kwenye kadi. Kazi ikifanywa inavyopasa, hakuna mgeni anayetumbukia kabla kijana huyo hajamaliza.

Sasa rudi nyumbani kwako: Bulla Pesa, Kiwanjani, Kambi Garba au popote ulipopanga. Kuna tangi jeusi juu ya ploti. Lilifunuliwa lini mara ya mwisho? Ni nani aliyewahi kupima maji yake? Uliza majirani na wengi watakujibu, "Si unaona ni masafi?"

Hapo ndipo penye shida. Maji ya kuogelea, ambayo hakuna anayekusudia kuyameza, tunayapima kwa dawa. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya kumkorogea mtoto uji, tunayapima kwa macho. Msimamo wetu ni kwamba kila kijana anayeishi mjini anafaa kujifunza kupima na kutunza maji ya nyumbani kwake, kwa ujuzi ule ule wa mtunza kidimbwi. Inachukua Jumamosi moja kuujua, na baada ya hapo ni dakika tano tu kwa siku.

Kwa wakazi wa Isiolo jambo hili si la anasa. Leo unapata maji ya mfereji. Kesho mfereji umekauka, unanunua mitungi kwa mwenye mkokoteni wa punda. Wiki ijayo landilodi analeta bauza. Kila maji yana njia yake yaliyopitia, na yote yanamiminwa katika tangi moja.

Na hali ya anga haitusaidii. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame ya nchi, ukame mbaya zaidi kuonekana kwa takriban miaka 40. Mwishoni mwa 2023 El Niño ikaja na mafuriko. Katikati ya hayo, Oktoba 2022, mlipuko wa kipindupindu ulianza nchini na ukasambaa hadi kaunti nyingi. Kiangazi kinatulazimisha kunywa tunachopata, nayo mafuriko yanabeba uchafu wa vyoo hadi visimani. Njia ni mbili, lakini zote zinaishia tumboni.

Basi tujifunze kwa mtunza kidimbwi. Yeye huangalia nambari mbili kubwa. Ya kwanza ni klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika na iko tayari kuua vijidudu. Kidimbwini huiweka kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita. Ya pili ni pH, kipimo cha uasidi, ambayo huiweka kati ya 7.2 na 7.8. Sababu ya kuangalia zote mbili ni kwamba pH ikipanda kufika 8 na zaidi, sehemu kubwa ya klorini hupoteza makali hata kama bado imo majini.

Anajua pia kwamba pua hudanganya. Harufu kali tunayoiita ya klorini mara nyingi hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Kidimbwi kinachonuka sana huenda ndicho kinachohitaji dawa zaidi. Kama pua hudanganya, jicho je? Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani, na glasi ya maji maangavu inaweza kuvibeba bila kuonyesha dalili yoyote.

Kwenye tangi la nyumbani, nambari unazotafuta ni za chini kuliko za kidimbwi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita, nusu saa baada ya kutia dawa, pH ikiwa chini ya 8. Maji yanapokufikia mferejini au kwenye mtungi, yawe bado na angalau 0.2. Ukipata sufuri, maana yake maji hayo hayana ulinzi wowote: mkono mchafu mmoja ukiingia mtungini, kazi imeharibika.

Vifaa ni vile vile vya kidimbwi. Chagua vidonge au unga wa DPD unaogeuza maji kuwa ya waridi, kwa sababu hupima klorini huru. Vile vya matone yanayotoa rangi ya njano hupima klorini yote kwa jumla, pamoja na ile iliyochoka. Maji uliyoyapima yamwage, usiyarudishe tangini. Bei isikutishe: ploti nzima ikichanga, kifaa kimoja kinatosha.

Hesabu ya dawa nayo ni ya darasani. Maji maangavu huhitaji takriban miligramu 2 za klorini kwa lita. Tangi la lita 1,000 basi linataka gramu 2. Kama una dawa ya maji ya klorini isiyo na manukato wala sabuni, na chupa imeandikwa asilimia 3.5, kila mililita 100 zina gramu 3.5. Utahitaji mililita 57 hivi. Pima kwa sirinji, si kwa kukisia. Subiri nusu saa, kisha pima maji. Kwa mtungi wa lita 20, tumia dawa iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa na ufuate maelezo ya chupa.

Mbona upime baada ya kutia dawa? Kwa sababu chupa iliyokaa dukani kwenye joto la Isiolo hupoteza nguvu, na maji yenye tope humaliza klorini kabla haijafikia vijidudu. Maji ya rangi ya Ewaso Nyiro yaache yatulie kwanza, uyachuje kwa kitambaa safi, kisha utie dozi maradufu.

Tangi lenyewe lisuguliwe angalau mara mbili kwa mwaka, na mfuniko ufunge vizuri. Lakini usicheze na usalama wako. Kamwe usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi, kwani gesi inayotoka inaweza kuua. Klorini ya unga itie ndani ya maji. Usimwagie maji juu ya unga. Na tangi la chini ya ardhi usiingie peke yako, maana hewa ya ndani inaweza kukosa oksijeni.

Huna pesa za kifaa mwezi huu? Jua la Isiolo ni la bure. Jaza maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ilaze juani kwa saa sita, au siku mbili kama kuna mawingu. Mwaka 1996 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya, ambao ulionyesha kuwa njia hii ilipunguza kuhara.

Tuseme ukweli pia kuhusu mipaka ya kifaa hicho. Klorini haiondoi chumvi wala floridi, na kuna visima vya kaskazini vyenye shida hiyo. Haiui kila kijidudu kwa haraka, ndiyo maana maji ya mtoto mchanga au mgonjwa ni heri yachemshwe. Kwa mengine, utahitaji maabara.

Wapo watakaosema tunawatupia vijana kazi ya serikali. Hapana. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ni jukumu la kaunti. Kupima si kumsamehe mwenye jukumu. Ni kumnyima kisingizio. Ukienda kwa landilodi au afisa wa afya ya umma na kusema "maji ni mabaya," utaambiwa mbona wengine hawalalamiki. Ukienda na daftari la wiki tatu lenye tarehe, maji yalikotoka na kipimo cha kila siku, hilo ni jambo jingine. Nambari haibishwi kwa kupaza sauti.

Na kama unatafuta kibarua, fikiria matangi yote yaliyo mtaani kwako ambayo hayajaguswa tangu yapandishwe. Anayeweza kusafisha, kutia dawa kwa hesabu na kumwonyesha mteja kipimo, ana kazi ya kuuza. Ujuzi huo huo utakufikisha hadi kwenye kidimbwi cha hoteli.

Jumamosi hii, tafuta ngazi. Panda na mwenzako, mfunue mfuniko, mwangalie ndani. Chota glasi moja, upime, uandike nambari. Ikiwa ni sufuri, majirani wako wanafaa kujua kabla ya chai ya jioni.