Mji wa Hewani na Soko Lake



Ukimuuliza kijana wako kwa nini fedha za vitabu zimekwenda katika nyumba isiyokuwa na tofali wala mlango, atakujibu kwa maneno matatu: "Ni mchezo tu." Na wazee wengi, kwa kuogopa kuitwa washamba, hunyamaza. Mimi nasema jawabu hilo si la kweli, na sisi tunaolipokea tuna makosa zaidi kuliko wao wanaolisema.

Tazama mji uitwao Second Life, uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Humo ndani ya mashine mtu hujipa sura na jina, hununua kiwanja, hujenga na hupangisha. Mji una sarafu yake, dola ya Linden, ambayo hununuliwa kwa dola ya kweli, kisha huweza kugeuzwa ikarudi kuwa dola ya kweli. Mwaka 2006 mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza na kukodisha viwanja humo alitolewa picha katika jalada la gazeti la BusinessWeek. Je, hilo ni jambo la mchezo? Hilo ni soko, na soko lina hukumu zake, likiwa Marikiti au likiwa nyuma ya kioo.

Watetezi wake husema: "Huo ni mji wa uhuru, kila mtu afanye atakalo." Haya, natutazame uhuru huo ulizaa nini. Zilifunguliwa nyumba za kamari. Zikafunguliwa na benki, moja ikiitwa Ginko Financial, iliyoahidi riba ya zaidi ya 40 kwa mia kwa mwaka. Julai 2007 wenye mji wakapiga marufuku kamari. Watu wakakimbilia kutoa amana zao, na Agosti mwaka huo huo Ginko ikaanguka na fedha za watu. Januari 2008 ikatangazwa kuwa hapana ruhusa ya kulipa riba humo ila kwa benki yenye idhini ya serikali.

Zingatia, ndugu yangu! Watu hawa hawakuwa masheikh, wala hawakusukumwa na fatwa. Ni hasara iliyowafundisha, tena nusu tu, somo ambalo mtoto wa chuoni kwetu hulipata bure.

Kisha kuna jambo la milki. Masharti ya kampuni yasema sarafu ile ni ruhusa ya kutumia tu, yenye mipaka. Mwaka 2006 wakili mmoja wa Pennsylvania alikwenda mahakamani baada ya kufungiwa na kunyang'anywa viwanja vyake, kampuni ikidai alivipata kwa hila. Kesi ilimalizwa kwa suluhu mwaka 2007. Basi nyumba ambayo mwenye mji aweza kuifuta usiku nawe umelala, umeinunua au umeikodi? Kutojua huko ndiko wanavyuoni wetu walikokuita gharari.

Sisemi kila mchezo ni haramu, wala sisemi vijana wetu wasijifunze kuunda miji kama hiyo. Na waiunde! Lakini ajuaye kuweka nyumba na soko amejitwisha kazi ya muhtasibu: asimamie mizani, azuie riba na kamari, na mnunuzi ajue anachonunua kabla ya kutoa fedha yake.

Nawe mzazi, usimpige kijana, wala usiivunje simu yake. Kaa naye umuulize matatu: Fedha inayoingia humo, yaweza kutoka? Kilichonunuliwa ni chako au ni cha kukodi? Anayepata faida huipata kwa kazi au kwa bahati? Akishindwa kujibu, fungeni mfuko.

Siku ya Hisabu kila mmoja wetu ataulizwa mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Sidhani kuwa "ni mchezo tu" litakuwa jawabu.

Wabillahi tawfiq.