Udogo wa Jamii si Udogo wa Historia

Wako watu wasemao kwamba historia ya jamii ndogo haistahili kufundishwa. Neno hilo ni la kukanushwa.

Tokeni Mundika, mvuke mpaka pale Malaba, mpite Tororo, mtafika Mbale. Huko wanakaa Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, aliishika Torati kama alivyoisoma katika Biblia, akatahiriwa yeye na wanawe, na wafuasi wake wakaitunza Sabato. Alifariki mwaka 1928. Idi Amin, aliyetawala tangu 1971 hata 1979, aliipiga marufuku dini yao. Wengi wakaiacha, wachache wakasali kwa siri. Alipoanguka, wachache hao ndio walioisimamisha jamii upya.

Basi mwenye kupima historia kwa wingi wa vichwa na ajibu: nani alikuwa mkubwa, mtawala mwenye majeshi, au mkulima aliyesali nyuma ya mlango uliofungwa? Enyi vijana, asiyesoma habari za wachache huamini kwamba nguvu hushinda daima. Nayo si kweli.