Nywele Zinaota au Zinakatika?

Mtazame msichana aliyefumua nywele leo. Mara nyingi utaona nywele fupi zimesimama juu ya paji la uso na karibu na masikio. Mama yake hufurahi. Husema, "Nywele zinaota." Mimi nasema tusifurahi upesi. Huenda zinaota. Huenda pia zimekatika.

Chukua karatasi nyeupe ya daftari. Iweke nyuma ya nywele hizo, mahali penye mwanga. Tazama ncha zake. Nywele mpya ina ncha nyembamba, laini, kama ncha ya jani la nyasi. Na nywele zilizoanza kuota pamoja huwa na urefu unaokaribiana. Nywele iliyokatika ni butu, kama kamba iliyokatwa. Pengine ncha yake imepasuka. Tena urefu haulingani: hii fupi, ile ndefu. Lakini kama ulipunguza nywele kwa mkasi, ncha zote zitakuwa butu, na kipimo hiki hakitakufaa.

Tazama pia nywele zinazobaki katika chanuo. Nywele iliyong'oka ina kidoto cheupe upande mmoja. Usishtuke ukiziona chache. Mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na nyingine huota mahali pake. Vipande vifupi visivyo na kidoto ndivyo vya nywele zilizokatika.

Mama aliyejifungua ana habari yake. Mtoto akifika kama miezi 3, nywele za mama huweza kung'oka nyingi sana. Wako watakaosema amerogwa. Hakurogwa. Mwili unarudi katika hali yake baada ya uzazi. Baadaye nywele fupi huchipua mbele, na kwa kawaida hujaa tena mtoto akikaribia mwaka mmoja au kuupita kidogo. Mama huyo hana haja ya kutumia fedha za mayai kununua mafuta ya kukuza nywele. Heri ale mayai yenyewe.

Ugomvi wangu mkubwa ni juu ya kusuka kwa kukaza. Mtoto anasukwa twende kilioni mpaka macho yanavutika. Usiku halali. Asubuhi ana vipele kwenye paji la uso. Akilia anaambiwa avumilie, eti nywele zikivutwa ndipo zinarefuka. Si kweli. Nywele huota kutoka ndani ya ngozi, na kuivuta huumiza mahali pale inapotoka. Kwanza nywele za pembeni hukatika. Kisha huota nyembamba kama za malaika. Hizi nazo zina ncha laini, nawe utadhani ni nywele mpya zinazokua. Mwisho ngozi hubaki tupu, inang'aa. Ikifika hapo, mafuta hayazirudishi tena.

Kwa hiyo tumia rula. Nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, na nywele zetu za kipilipili mara nyingi hupungua hapo kidogo. Nyoosha taratibu nywele za pembeni, pima, andika tarehe na urefu katika daftari. Pima tena mahali palepale baada ya miezi 2. Kama hazikuongezeka, acha kuzisuka. Zikiachwa mapema, nyingi hurudi.

Najua jibu la akina mama wengi. Nywele zisizokazwa hufumuka upesi, na msusi anataka fedha yake kila mara. Ni kweli. Hata msusi akilegeza husemwa hajui kazi, basi lawama si yake peke yake. Lakini nywele za mtoto zaweza kukatwa fupi bila gharama, nazo zitaota tena. Paji la uso lililokwisha kuwa tupu halina bei ya kulirudisha.

Kama mtoto ana kiraka chenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi, hayo huenda ni mapunye. Mpeleke zahanati. Mara nyingi hutakiwa dawa ya kumeza, kwa kuwa ya kupaka peke yake haitoshi. Chanuo lake lisitumiwe na mwingine.

Na mtoto akilia anaposukwa, mwambie msusi alegeze. Akikataa, fumueni ile mistari ya mbele jioni ileile.